Sarafu Zilizolika Nyuso

Mwanangu Naomi,

Umekwenda Kijenge kumuaga shangazi yako, na ninavyomjua hatakuachilia mpaka akulishe mara mbili. Kwa hiyo nina nafasi. Mvua imekatika, migomba bado inadondoshea bati maji, na dirishani kuna mwanga wa kuandikia bila taa. Kesho asubuhi utapanda basi kwenda kujifunza uuguzi. Barua hii nitaiweka juu ya mto wako uisome kabla hujalala. Nakuandikia Kiswahili kwa sababu ndicho nilichofundishwa kuandika shuleni kwa wamisheni. Kimeru changu ni cha mdomo, na mambo haya mdomo umenishinda.

Maagizo ya kula na kulala na ya watu wa Dar es Salaam sitakupa. Umeshaambiwa na kila aliyeingia humu wiki hii, hata jirani yetu ambaye hajawahi kuvuka Moshi. Mimi nataka kulijibu neno ulilolisema juzi tulipokuwa tunachambua kahawa. Ulisema, "Mama, baba hajali. Nikienda, nikibaki, kwake ni sawa tu." Nami nikakwambia nyamaza, chambua. Lilikuwa jibu la mtu aliyeishiwa maneno.

Ili nikujibu inanibidi nianzie mbali, kwa mtu usiyemkumbuka ingawa alikupakata: mwanamke mmoja Mzungu, na sarafu zake kuukuu.

Baba yako alichukuliwa jeshini ukiwa bado tumboni. Muda si mrefu baadaye serikali ikaleta Wapolandi pale Tengeru, wakimbizi, wengi wao wanawake na watoto. Wakajengewa vibanda vya duara vyenye kuta nyeupe na paa za nyasi, vingi mno, ukivitazama kutoka huku juu ungedhani ni uyoga. Sisi wa mlimani tulikuwa hatujaona Wazungu wanaojichotea maji, wanaosimama foleni ya chakula, wanaolia mbele za watu. Nilikuwa nashuka kuwauzia ndizi mbivu na maziwa, wewe mgongoni.

Mmoja wa wateja wangu aliitwa Halina. Wanawake wenzangu walilicheka jina hilo njia nzima. Halina nini? Halina mwenyewe? Halina maana? Nami nilicheka. Alikuwa mrefu, mifupa mitupu, mwenye goti moja lisilokunjika, na kwao alikuwa amefundisha historia katika shule ya wavulana. Kiswahili alikiokota kwetu sisi wauza ndizi, akakisema kama mtu anayetupa mawe. Hakuwa mtu mwema sana, nisikudanganye. Mwaka mzima alinunua kwangu kupitia dirishani bila kuniambia ingia, na kila ndizi niliyompa aliifuta kwa kitambaa mbele ya macho yangu.

Kisha macho yake yakaanza kuingia ukungu. Mtoto wa jicho, mtajifunza huko. Siku moja nilipofika dirishani akanyoosha mkono mlangoni, akasema, "Ingia. Keti." Akanivutia kiti chake, yeye akakaa kitandani. Alikuwa anahitaji mtu anayeona, basi. Baadaye nilimwuliza kwa nini hakuwaita Wapolandi wenzake. Akajibu, "Wao nalia. Mimi nalia. Kazi hapana."

Mezani alimwaga kifuko cha kitambaa cheusi. Zikatoka sarafu ndogo za fedha, kila moja kama ukucha wa kidole gumba, nyembamba, nyeusinyeusi, za kujaa kiganja kimoja. Akasema ni dinari za Warumi, wa Kaisari yule tunayemsikia kanisani. Nikazitazama nisione Kaisari wala mtu yeyote. Niliona vibati vilivyolika.

Mwanawe ndiye aliyeziokota. Aliitwa Tomek, mvulana wa umri kama wako ulipopata kipaimara. Alikuwa anachimba viazi shambani kwao, jembe likapiga chungu. Warumi hawakuwahi kuitawala nchi yao, Halina alisema, lakini fedha zao zilifika kwa biashara na vita, zikapita mikono kwa mikono, ya baba, ya mwana, ya mjukuu, mpaka nyuso zikafutika, ndipo mtu akazifukia na hakurudi kuzichukua. Tomek na mama yake walikaa mezani majira ya baridi yote wakizitambua moja moja. Kisha vita vikaja. Askari waliingia nyumbani kwao wakawaambia fungeni mzigo. Walipakiwa kwenye treni ya mizigo hadi nchi ya theluji, na mumewe akafia huko akikata miti. Walipofunguliwa wakashuka kusini, nchi ya joto na mchanga, wakidhani sasa wameokoka. Huko Tomek akashikwa na homa, na hakuinuka. Halina aliniambia hayo yote siku hiyohiyo, kavu kabisa, kama anayesomesha darasa. Nilipanda mlima kurudi nyumbani nikiwa nimeacha kulicheka jina lake.

Vitabu vyake vyote vilibaki kwao. Alichobaki nacho ni kichwa chake na zile dinari, na macho yanazimika. Alitaka, kabla hayajazimika kabisa, azitambue tena zote.

Kwa hiyo akanifundisha. Wiki ya kwanza niliharibu. Alitoka kwenda foleni ya mkate, nami nikaona nimfurahishe: nikachukua jivu na limau nikaisugua moja mpaka ikang'aa. Aliporudi akaipapasa, akaiweka karibu na jicho, akakaa. Hakupiga kelele. Alinieleza kwamba ule weusi uliokaa kwenye vishimo ndio ulioshika sura. Pale palipoinuka pamelika, pale palipobonyea pamebaki na giza, na jicho linasoma giza hilo. Ukiling'arisha umeikata kauli ya mwisho ya sarafu. Ile niliyoisugua hatukuijua ilikuwa ya nani, na sasa hakuna atakayejua.

Tangu hapo nilizishika kwa ukingo tu. Nilikaa dirishani asubuhi, jua likiwa bado chini, nikaigeuza sarafu polepole ili mwanga uje ubavuni. Ukiitazama kwa jua la utosi huoni kitu. Mwanga ukija kwa upande, kitu kinaamka: mstari wa shingo, kisha kidevu. Nywele hulika kwanza, na shavu, na sikio. Kidevu na shingo hudumu. Nilijifunza kutafuta kichwani kama pana taji la majani, na kisogoni ncha mbili za utepe zinazoning'inia. Nilijifunza kuuliza kama ana ndevu, maana wale wa kwanza walinyoa, Hadriani ndiye akaanza kufuga, na waliomfuata wakaiga. Trajani hana ndevu, nywele zake zimelazwa juu ya paji, shingo yake nene kama ya fahali. Faustina ni mwanamke, nywele amezisuka na kuzizungushia utosini. Upande wa pili mara nyingi husimama mtu mwembamba. Kama ana bawa, au mizani, au pembe iliyojaa matunda, hapo unaweza kumfuata mpaka kwa Kaisari mwenyewe. Palipokuwa na mabaki ya herufi aliniambia nizichore jinsi vidole vyangu vinavyozihisi, hata ikiwa ni mguu mmoja tu wa herufi.

Na mimi, Naomi, kila mara nilikimbilia jina. Nikiona shingo nene tu, ninasema, "Trajani!" Halina anapiga meza kwa kiganja. "Jina ngoja! Sema unaona nini." Basi naanza tena. Naona shingo. Naona kitu kama utepe. Hapa sioni kitu. "Hapa sioni" lilikuwa jibu alilolipenda kuliko yote, na mimi lilinichoma kulisema, kwa sababu nilitaka kuonekana hodari. Nilikuwa msichana aliyeolewa, aliyeachiwa mkwe mkali, na hapakuwa na mahali pengine nilipoambiwa kwamba najua kitu.

Palikuwa na sarafu moja ambayo hakuiweka mezani na nyingine. Ilikuwa imeshonewa kwenye pindo la gauni lake. Mwaka wa pili, siku ya baridi kali ya mwezi wa saba, akaifumua mbele yangu. Tomek alikuwa amempa ile kule kwao, kwa sababu aliitambua peke yake bila msaada. Alimwambia mama yake, huyu ni Faustina, malkia, nimekupa wewe. Halina akaishona pindoni siku askari walipokuja, na ilipita theluji na mchanga na bahari humo humo, ikisuguana na kitambaa kila hatua. Ilikuwa imelika kuliko zote, na nadhani yeye mwenyewe ndiye aliyeimaliza, kwa kuibeba.

"Tazama," aliniambia. "Nywele naona?"

Nikaenda dirishani. Wewe ulikuwa umelala kitandani kwake. Nikaigeuza, nikaigeuza tena, na kweli sikukimbilia jina. Nilifanya kila alichonifundisha. Mwanga ukaingia ubavuni, na mstari wa kidevu ukaamka. Haukuwa laini. Ulikuwa na vidoadoa chini ya taya, vimeshikana mpaka karibu na sikio. Na kisogoni, ncha mbili za utepe.

Nilifurahi. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba nilifurahi. Nilikuwa nimeona kwenye sarafu iliyokufa kabisa. Nikamgeukia kwa sauti ya mtoto aliyepata hesabu: "Hapana, Mama! Si mwanamke. Ni mwanamume, ana ndevu!"

Akanyoosha mkono. Nikamrudishia. Aliishika bila kuitazama, maana asingeona. Baada ya muda akasema, "Sema tena." Sasa nilisema polepole, na kwa sauti ndogo. Akaitikia kwa kichwa. Akaniambia nikuchukue twende nyumbani, na kesho nisije.

Sikwenda kesho yake, wala iliyofuata. Mkwe wangu akasema heri, umerudiwa na akili. Mimi nilikuwa naipiga kahawa fimbo kama adui. Niliposhindwa kuvumilia nikashuka na ndizi, nikasimama dirishani kama zamani. Alinifungulia mlango. Akaniambia kitu ambacho Kiswahili chake kilikuwa kidogo kukibeba, lakini nilikielewa. Alisema siku ile Tomek alipompa, hakuitazama. Alikuwa anapika. Alisema asante, akaitia mfukoni. Angeitazama angeona ndevu mara moja, wakati ule macho yake yalikuwa mazima, na yeye alikuwa mwalimu, angemsahihisha papo hapo. "Mimi nasahihisha yeye kila siku," alisema. "Siku ile tu hapana." Akalia kwa mara ya kwanza mbele yangu, na sikujua kama analia kwa kuwa mtoto alikosea, au kwa kuwa siku ile alimwacha akosee. Nilimshika goti, lile bovu, maana ndilo lililokuwa karibu.

Nilichokisema kilikuwa kweli. Lakini nilikirusha. Ningeweza kwanza kumwuliza, Mama, aliyekupa alikuwaje.

Baba yako alirudi vita vilipokwisha. Ulikuwa mkubwa wa kutosha kukimbia, na ulimkimbia, ukajificha nyuma ya bibi yako ukilia kwamba kuna mtu. Mimi mwenyewe ilibidi nimtazame mara mbili. Aliyeondoka alikuwa mwimbaji wa sauti ya nne, akicheka mpaka anashika mti. Aliyerudi alikuwa na koti la jeshi na macho yanayotazama mlango. Alikula nje. Alilala nje, mgombani, kwenye baridi hii ya Meru inayouma mifupa, na nikimwambia ingia ananiambia, "Nakuja," na haji. Mjini hakwenda kabisa. Lori likipita barabarani alisimama palepale na kikapu kichwani mpaka lipotelee mbali.

Nilijaribu kumsugua. Nilimpeleka kwenye maombi, nikawaomba wanakwaya waje kumwimbia zile nyimbo zake, nikamlaza mbele ya mganga wa jino na mganga wa tumbo. Nilitaka yule wangu. Alikaa katikati ya wanakwaya ametulia kama mgonjwa anayefungwa kidonda, na walipoondoka akatoka nje.

Basi nikampa jina. Nilisema ana mwanamke. Lilikuwa jina rahisi, na lilinisaidia, kwa sababu mwanamke mwingine nilijua namna ya kupigana naye. Nilimpelekea Halina habari hiyo nikiwa na hasira. Alikuwa ameshakuwa kipofu kabisa, anaranda kibandani kwa mikono. Akaniuliza, "Umeona nini?"

"Halali ndani. Hasemi. Anatoka usiku."

"Mwanamke umeona?"

"Sijamwona."

"Jina ngoja," akasema.

Nilichukia. Nikamwambia, "Mama, mume wangu si sarafu." Nikaondoka bila kumuaga.

Niliwaita kaka zangu. Wakaja, na baba mkubwa wa baba yako, wakakaa uani, na bibi yako akaweka pombe ya ndizi. Wakamwuliza mbele ya watu, "Una mwanamke nje?" Akawatazama. Baba mkubwa akasema, "Mwanangu, ukinyamaza tutajua umekubali." Akasema, "Mnavyosema ninyi." Hilo tu. Wakamtoza mbuzi. Alikwenda akamfungua mbuzi wake mwenyewe, yule mweupe uliyekuwa unamlisha maganda, akamleta kwa kamba, akampa kaka yangu mkubwa mkononi, akarudi kukata majani. Walimchinja, tukamla. Nami nilikula, Naomi.

Baada ya mavuno akaja Bwana Lomayani wa Moshono, huyuhuyu anayekuletea asali. Walikuwa kikosi kimoja. Alimkuta baba yako hayupo, amekwenda kuangalia mfereji, na akakaa na mimi. Nikamlalamikia kama ninavyomlalamikia kila mtu. Aliweka kikombe chini.

"Shemeji, hajakwambia?"

"Ameniambia nini? Hasemi."

Akanieleza. Huko Burma walikuwa wamelala ndani ya handaki, juu wameezeka magogo na udongo. Bomu likaanguka karibu, handaki likafukia watu. Baba yako alikuwa chini, na wenzake juu yake na pembeni yake, wakisemeshana gizani. Wakanyamaza mmoja baada ya mwingine. Lomayani na wenzake walichimba usiku na mchana uliofuata kwa mikono na kofia za chuma, wakamtoa yeye tu. "Tangu siku ile," alisema, "hata hemani alikuwa hawezi. Tulimwachia kona ya turubai wazi, na mvua ikamnyeshea."

Nilikaa na kikapu cha maharage mapajani mpaka yeye akaondoka. Baba yako aliporudi sikumwambia kitu. Nilichukua nyundo, nikang'oa mlango wa chumba chetu na bawaba zake, na ule wa mbele nao. Bibi yako alipiga kelele kwamba nimepata wazimu, chui watatuingilia. Nikaiegemeza milango yote miwili ukutani nje. Baba yako alitazama yote hayo akiwa amesimama na jembe. Usiku ule aliingia ndani. Alilala upande wa nje, miguu karibu itoke kizingitini, na baridi ikatuchapa sote mpaka nikakuweka wewe katikati. Sasa unajua kwa nini nyumba yetu haikuwa na mlango mpaka ulipoanza shule, na kwa nini uliteswa na kikohozi.

Usidhani nimekusimulia hadithi iliyoisha vizuri. Hajawahi kuniambia amenisamehe habari ya siku ile ya uani, wala mimi sijawahi kuomba kwa maneno. Kaka zangu hawakurudisha mbuzi. Kuna watu Tengeru mpaka leo wanaosema baba yako alikuwa na mwanamke, na wana haki ya kusema, kwa kuwa waliambiwa na mkewe. Jina likishatoka halirudi. Nimejaribu kulikusanya, nikienda kwa huyu na yule, wakaniitikia tu kwa heshima.

Nilirudi kwa Halina kumwambia, lakini nilikuta amelazwa kwa kifua. Alinijua kwa kukanyaga kwangu. Nilimwambia nilichoambiwa na Lomayani, akasikiliza amefumba macho, na hakusema jina ngoja wala nini. Alinipapasa usoni kwa vidole, polepole, paji, pua, kidevu, na siku zote nilizomjua hakuwahi kunigusa. Alikufa kabla ya mvua za vuli, wenzake wakiwa wanaandikishwa kupelekwa Uingereza na Australia. Zile sarafu nyingine alizichukua mwalimu mmoja wa kwao, naye akaondoka nazo, sijui zilifika wapi. Ile ya pindoni walinipa mimi niishone kwenye gauni la kuzikiwa, kwa kuwa tangu apofuke mimi ndiye niliyekuwa namfulia, na nilijua mahali ilipokuwa. Niliishona. Yule mwanamke aliyenisimamia akaniuliza ni nini ile. Nilikuwa najua ni Kaisari mwenye ndevu. Nikamwambia, "Mtoto wake alimpa." Yuko pale makaburini kwao, chini ya saruji, na wengine wengi.

Basi narudi kwenye neno lako. Umesema baba hajali. Sitakwambia anajali; hilo nalo ni jina, na nimeshachoma mkono kwa majina. Nitakwambia nilivyoviona tu. Barua ya kukubaliwa kwako ilipofika na ukaisoma kwa sauti, aliinuka akatoka, nawe ukanitazama kwa macho yale. Nilimfuata. Alikuwa amesimama kati ya mibuni ameshika nguzo ya uzio kwa mikono miwili, na nguzo inatikisika. Miaka yote ya shule yako, asubuhi za masika, ni yeye aliyekuwa anatangulia kukata nyasi za njia kabla hujaamka ili sketi isilowe. Wewe ulidhani njia ile haioti majani. Kuna siku ulichelewa kurudi kutoka Arusha mjini, alikaa kwenye kijiwe cha barabarani mpaka akasikia sauti yako na ya wenzako, halafu akapita shambani awahi kufika, ukamkuta ananoa panga. Na kuna vingine ambavyo sikuviona vizuri, kwa hiyo naviacha. Kuna siku amekutazama na sikujua anakutazama wewe au yule mtoto aliyemkimbia. Hapo sioni.

Huko uendako utaletewa watu ambao sura zao zimelika. Hilo utalijua mwenyewe kuliko mimi.

Niliacha kalamu kidogo, nimerudi. Baba yako aliingia kutoka mferejini. Alisimama kizingitini, mkono juu ya mwimo, akatazama sanduku lako. Akaniuliza, "Hilo basi linaondokea palepale stendi?" Nikamwambia ndiyo. Tangu atoke vitani hajakanyaga stendi ya Arusha; unajua kelele za pale, magari yanavyonguruma na kupiga honi, na makondakta. Nikamwambia, "Lomayani atampeleka, usijisumbue." Akatikisa kichwa.

"Mtoto ataketi upande gani?"

Nikamwuliza kwa nini.

"Nikisimama upande mwingine, hataniona."

Sikujua upande wenyewe, Naomi, hayo mabasi mimi nayapanda mara ngapi? Lakini alikuwa anangoja jibu, na jasho limemtoka jioni hii ya baridi. Nikamwambia kushoto. Ametoka sasa hivi kupiga kiwi viatu vyake vya jeshi.

Nilisema sitakupa maagizo. Nakupa hili moja. Hata ukikuta pana mtu, mwombe akupishe. Keti kushoto.

Mimi mama yako